Proksi ya Nyumbani Inapokwama

Watu wengi wanaotia Squid, programu ya proksi, ndani ya kompyuta ndogo inayolinda mtandao wa nyumbani, kwa muradi wa kuhifadhi kurasa na mafaili yaliyokwisha kuletwa mara moja ili yasilipiwe wala kungojewa mara ya pili, hufikwa na siku ambayo kurasa hazifunguki, au zafunguka kwa taabu, au mmoja wa jamaa hupata habari za jana ilhali tovuti imekwisha kubadilika. Na jambo la kwanza wanalolifanya, nalo ndilo lenye hasara kubwa kuliko yote, ni kulifungua faili la mipangilio na kubadilisha mstari huu na ule kwa kubahatisha. Nawasihi waiache desturi hiyo. Squid ina daftari lake, liitwalo access.log, ambalo aghalabu hukaa katika saraka ya /var/log/squid, na humo kila ombi lililopita huandikiwa mstari wake.

Mstari huo huanza na wakati, uliohesabiwa kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970. Hufuata muda uliochukuliwa na ombi kwa milisekunde, kisha anwani ya mashine iliyoomba, kisha neno lililo muhimu kuliko mengine yote, ambalo ni hukumu ya proksi juu ya ombi lenyewe. Likiwa TCP_HIT au TCP_MEM_HIT, kitu kilipatikana katika akiba. Likiwa TCP_MISS, kiliagizwa nje. Na likiwa TCP_DENIED/403, proksi ndiyo iliyokataa, na hapo kosa li katika kanuni za ruhusa, yamkini kwa sababu anwani za nyumbani zilibadilishwa na kanuni iliyoandikwa kwa mtandao wa zamani haikuguswa. Kanuni hizo husomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayoafiki ndiyo itendayo kazi, hata ruhusa iliyowekwa chini ya mstari wa «http_access deny all» haina athari yoyote.

Huenda ukalitazama daftari, huku mtoto akifungua ukurasa chumba cha pili, usione mstari hata mmoja ukiongezeka. Ukimya huo nao ni jawabu: ombi halikufika, basi proksi haina taksiri. Ama kivinjari hakikuelekezwa kwenye poti 3128, ama fayawoli, iliyotakiwa kuyanasa maombi ya poti 80 na kuyapeleka kwa Squid bila mtumiaji kujua, imekosa kanuni ya kufanya hivyo. Na kanuni hiyo ikiwekwa, sharti maombi ya Squid yenyewe yaachwe yapite, kwani yakirudishwa kwake yatazunguka pasipo mwisho, na daftari la pili, cache.log, litaandika onyo la mzunguko huo. Kadhalika poti inayopokea maombi yaliyonaswa isichanganywe na ile inayopokea maombi yaliyoelekezwa waziwazi.

Amma jambo linalowapotezea watu siku nyingi kuliko yote si hitilafu hata kidogo. Squid ilipotolewa mwaka 1996, ikitokana na mradi wa Harvest, kurasa karibu zote zilisafiri wazi, na akiba ya namna hiyo ilikuwa na thamani kubwa; sisi wa Afrika Mashariki, tuliotegemea setilaiti mpaka nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika mwaka 2009, twaifahamu thamani hiyo vyema. Leo tovuti nyingi hutumia HTTPS. Proksi hupokea ombi la CONNECT, hufungua njia, na kupitisha baiti zisizosomeka, sawa na hamali aliyekabidhiwa sanduku lililotiwa lakiri; daftari huandika TCP_TUNNEL, na kuongeza diski hakutaligeuza neno hilo kuwa TCP_HIT. Ipo njia ya kuivunja lakiri, kwa kutia cheti chako mwenyewe katika kila kifaa cha nyumbani, lakini mimi siishauri: siri za jamaa zote, pamoja na za benki, huwekwa mikononi mwa mashine moja, na programu kadhaa za simu hukikataa cheti hicho papo hapo.

Kilichobaki wazi ndicho cha kushughulikiwa. Vifurushi vya Debian, kwa mfano, bado huweza kuletwa kwa HTTP, maadamu usalama wake hutegemea sahihi inayohakikiwa na mashine inayovipokea, wala si njia viliyopitia. Na nyumba yenye kompyuta tatu nne za namna hiyo hufaidika hasa. Walakini Squid, isipoambiwa vingine, haihifadhi kitu kinachozidi megabaiti 4, hivyo vifurushi vikubwa, ambavyo ndivyo vyenye gharama, hupita kila mara kama TCP_MISS mpaka maximum_object_size iongezwe. Fauka ya hayo, pasipo mstari wa cache_dir hakuna kinachoandikwa kwenye diski. Akiba yote hukaa katika RAM, nayo hutoweka mashine ikizimwa.

Anayetenga nafasi asiipe Squid diski nzima, bali apunguze asilimia 20, na akumbuke kwamba faharasa ya akiba hukaa katika RAM, takriban megabaiti 14 kwa kila gigabaiti 1 ya diski katika mashine za biti 64. Gigabaiti 100 za akiba zahitaji karibu gigabaiti 1.4 za RAM kwa faharasa peke yake, na fayawoli yenye gigabaiti 2 itaelemewa, na intaneti ya nyumba nzima italegea pasipo mtu kujua sababu.

Na wanaoletewa kurasa za zamani wazitazame kwanza kanuni za refresh_pattern walizonakili mahali fulani, hasa zenye override-expire, ambayo huipuuza tarehe ya kuchakaa iliyowekwa na tovuti yenyewe, kisha waziondoe. Ikiwa akiba imeharibika kwa diski kujaa au umeme kukatika, simamisha Squid, hamisha saraka ya zamani, unda mpya na kumpa mtumiaji anayeiendesha Squid, ambaye katika Debian huitwa proxy, kisha endesha squid -z. Kabla ya kuiwasha endesha squid -k parse, ikutajie mstari wenye kosa kama upo. Sasa leta kifurushi kimoja kwa kompyuta ya kwanza, kitaandikwa TCP_MISS, kwa kuwa akiba ni tupu. Kilete kilekile kwa kompyuta ya pili, na hapo sharti kiandikwe TCP_HIT au TCP_MEM_HIT.