MABWAWA YA KUOGELEA YA NYUMBANI: MAELEZO KUHUSU MTAMBO WA KLORINI YA CHUMVI

Wakazi wa mwambao wa Ghuba ya Mwanza, kuanzia Kigongo wilayani Misungwi hadi jijini Mwanza, pamoja na watumishi wa umma wanaoishi katika nyumba zenye mabwawa ya kuogelea, wanaelezwa hapa namna mtambo wa chumvi unavyofanya kazi, na mambo ya kupima kabla ya kuufunga.

Ieleweke kwanza kwamba bwawa la chumvi si bwawa lisilo na klorini. Chumvi ya kawaida imeundwa kwa sodiamu na klorini. Maji ya bwawa yenye chumvi hupita kati ya bamba za titani zinazopitishiwa umeme. Hapo klorini hutengana na chumvi, huyeyuka majini na kuua vijidudu. Ikishamaliza kazi hiyo, sehemu kubwa hurudi kuwa chumvi. Kwa hiyo mtambo huu humwondolea mwenye bwawa kazi ya kununua na kumimina dawa kila mara, lakini haumwondolei wajibu wa kupima maji.

KIASI CHA CHUMVI

Mitambo mingi huhitaji gramu 3 hadi 4 za chumvi katika kila lita ya maji, yaani takriban sehemu moja ya kumi ya chumvi iliyomo katika maji ya bahari. Bwawa lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.25 huchukua lita 50,000. Bwawa hilo litahitaji takriban kilo 175, yaani magunia matatu na nusu ya kilo 50. Chumvi iwe safi, isiyoongezwa madini joto wala dawa ya kuzuia kugandamana. Imwagwe pampu ikiwa inazunguka na mtambo ukiwa umezimwa, mpaka iyeyuke yote.

MAJI YA ZIWA NA AFYA

Maji ya Ziwa Victoria ni laini, yaani yana chokaa kidogo. Yasiporekebishwa, hula saruji ya kuta za bwawa polepole. Aidha, karibu na ufuko huweza kuwa na tope, mwani na vimelea vya kichocho. Inapasa yatulizwe, yachujwe na kutiwa klorini kabla ya mtu yeyote kuingia. Vimelea vya kichocho visipompata binadamu hufa ndani ya saa 48 hivi katika maji yaliyohifadhiwa yasiyo na konokono, na klorini huharakisha kifo chao.

Klorini huria idumishwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na kipimo cha pH kiwe kati ya 7.2 na 7.6. Mtambo wa chumvi una tabia ya kupandisha pH. Ikipanda mno, klorini hupungua nguvu hata kama kipimo kinaonyesha kuwa ipo. Marekebisho hufanywa kwa asidi kidogo kidogo. Wakati wa kuichanganya, asidi ndiyo itiwe kwenye maji. Maji yasimiminwe kamwe juu ya asidi.

UMEME NA USALAMA

Umeme ukikatika, klorini haitengenezwi, na jua huimaliza ile iliyomo ndani ya saa chache iwapo hakuna dawa ya kuikinga. Hivyo basi, akiba ya klorini ya kawaida lazima iwepo nyumbani, na watoto wasiruhusiwe kuogelea kabla maji hayajapimwa. Mtambo usiwashwe pampu ikiwa imesimama, kwa kuwa hutoa pia gesi ya hidrojeni, ambayo ikikusanyika ndani ya bomba huweza kulipuka. Kazi ya kuufunga ifanywe na fundi umeme mwenye leseni, na ngazi na vyuma vyote vikaguliwe kutu.

MAJI YANAYOTOLEWA

Hili ndilo jambo zito kuliko yote. Chumvi haipotei kwa jua. Hutoka pale chujio linaposafishwa au bwawa linapomwagwa. Chumvi zote zilizoyeyuka katika lita moja ya maji ya ziwa ni takriban gramu 0.1 tu, hali maji ya bwawa hilo huwa na zaidi ya mara 30 ya kiasi hicho. Bwawa moja haliwezi kulitia ziwa chumvi, lakini mfereji wake huweza kuharibu maji ya ufuko ambapo jirani anateka ndoo yake, kisima chake, au bustani yake ya mboga.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde kabla ya kutiririsha maji machafu katika chanzo cha maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Maji ya kusafishia chujio yaelekezwe kwenye shimo la kunyonya lililo mbali na visima na mashamba. Chujio la kutoa na kuosha kwa mkono hutumia maji machache kuliko lile la mchanga.

Kwa hiyo, mwenye bwawa ambalo mfereji wake hauna pa kwenda isipokuwa ziwani asibadili mfumo kabla hajapata njia nyingine. Anayeishi katika nyumba ya Serikali apate kwanza idhini ya maandishi ya mamlaka inayoisimamia. Mwenye shaka amwone Afisa Afya wa eneo lake, au aulize katika Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, Mwanza, kabla ya kununua mtambo na siyo baada ya kuufunga.