Kivu: Mwalimu anayebeba siri za wanafunzi anahitaji kufundishwa namna ya kusikiliza

Katika shule nyingi za mashariki mwa Congo, mtu wa kwanza kujua kwamba mtoto ana shida ni mwalimu, kabla ya muganga na kabla ya polisi. Ndiye anayeona kwamba msichana aliyekuwa akijibu maswali tangu mwezi wa tisa sasa anakaa nyuma na kunyamaza. Ndiye anayesikia kwamba kijana fulani ameanza kulala nje. Na ndiye ambaye mwanafunzi anamfuata masomo yakiisha, wenzake wakiwa wamekwisha kutoka, na kumwambia: "Mwalimu, nina neno."

Mwalimu huyo alisomea namna ya kufundisha hesabu, Kifaransa au historia. Mara nyingi hakuna aliyemfundisha afanye nini akiisha kuambiwa hivyo. Ndiyo maana mafunzo ya uelekezaji na ushauri kwa walimu, yale yanayofanyika siku za Jumamosi na wakati wa likizo bila mwalimu kuacha darasa lake, yanastahili kuangaliwa kwa makini kuliko semina nyingi zinazopita mashuleni.

Mtihani unaelekeza, lakini nani anaongea na mtoto?

Nchini Congo, swali la kuelekeza mwanafunzi linajitokeza wazi mwishoni mwa darasa la 8. Hapo mtoto anafanya TENASOSP, mtihani wa kitaifa wa kuchagua na kuelekeza wanafunzi. Kuelekeza kumo ndani ya jina la mtihani wenyewe. Baada yake anaingia humanité, na hapo lazima awe na sehemu yake: pedagojia, biashara na usimamizi, sayansi, Kilatini na falsafa, umeme, ujenzi, ushonaji, kilimo au mifugo.

Ni mtoto wa miaka 14 au 15 anayefanya uchaguzi huo, na matokeo yake yatamfuata hadi mtihani wa serikali, na hata mbele ya mlango wa chuo kikuu.

Wazazi na walimu wanajua namna uchaguzi unavyofanyika mara nyingi. Mmoja anafuata rafiki yake wa benchi. Mwingine anachukua sehemu iliyoko kwenye shule ya karibu, kwa sababu ile anayoipenda iko mwendo wa saa mbili kwa miguu. Wa tatu ameambiwa na baba kwamba pedagojia ni ya walioshindwa. Msichana mwenye nguvu katika hesabu anapelekwa ushonaji, kwa kuwa shangazi yake ana mashine nyumbani. Alama za mtihani zinaonyesha yale mtoto anayoweza leo. Hazisemi anapenda nini, nani atalipa, wala kazi gani inapatikana pale anapoishi.

Jambo hilo si geni. Mwaka wa 1908, mjini Boston huko Marekani, Frank Parsons alifungua ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Alisema kijana anahitaji mambo matatu: kujijua mwenyewe, kuijua kazi na masharti yake, kisha kulinganisha hayo mawili kwa akili. Zaidi ya miaka 100 imepita, na mafunzo ya uelekezaji bado yanaanzia hapo. Mwalimu anajifunza kumwuliza mwanafunzi maswali hayo kabla ya mtihani, wala si siku ya kuandikisha majina.

Congo haikosi wataalamu. Tangu matengenezo ya mwaka 1971, vyuo vikuu vilipounganishwa kuwa UNAZA, masomo ya saikolojia na elimu yaliwekwa Kisangani, na kitivo hicho kingalipo hadi leo. Vyuo vya ISP, kama vile vya Bukavu, Goma na Bunia, vinatayarisha walimu wa sekondari. Shida ni kwamba mshauri wa uelekezaji aliyesomea kazi hiyo ni vigumu kumpata katika shule ya kijijini Kalehe au Masisi. Kule, kama mtu huyo atakuwapo, atakuwa ni mwalimu aliyeko tayari.

Vita vimeongeza mzigo

Uchaguzi wa masomo ni sehemu moja tu ya mzigo. Nyingine ni maisha yenyewe. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Lakini kabla ya hapo watoto wengi wa Rutshuru, Masisi, Beni na Ituri walikuwa wamekwisha kukimbia zaidi ya mara moja. Goma ilikuwa pia imeona volkano ya Nyiragongo ikilipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Darasani wanakaa pamoja mtoto aliyepoteza mzazi, aliyelala kambini, na yule ambaye hakuhama lakini anasikia risasi usiku.

Watoto hao hawaji na karatasi inayoeleza yaliyowapata. Wanakuja na dalili: kusinzia, kushtuka mlango ukigongwa, kupigana, kutoandika kitu. Mwalimu asiyefundishwa anaita hayo uvivu ao ukaidi, na kiboko kinafuata. Mwalimu aliyefundishwa anajiuliza kwanza ni nini kimebadilika.

Mwaka wa 2011, Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa kitabu cha msaada wa kwanza wa kisaikolojia. Njia yake imefupishwa katika hatua tatu: kuangalia, kusikiliza, kuunganisha. Haiombi mwalimu awe muganga wa akili. Inamwomba aone mtoto aliye hatarini, amsikilize bila kumlazimisha kusimulia kila kitu, kisha amfikishe kwa mtu anayeweza kumsaidia.

Zoezi la Jumamosi

Mafunzo mazuri ya namna hii hayajengwi juu ya hotuba. Walimu wanaketi wawili wawili, mmoja anachukua nafasi ya mwanafunzi. Zoezi moja linaweza kuwa hili: kijana wa darasa la 8 anakuja kuaga.

"Mwalimu, juma lijalo sitakuja tena. Nataka kwenda machimboni pamoja na kaka."

Jibu la kwanza linalotoka kinywani linafahamika: "Wewe ni mvivu! Mama yako anateseka juu yako, na wewe unawaza feza tu?" Kijana anainamisha kichwa, anasema ndiyo mwalimu, na juma lijalo haonekani.

Zoezi linarudiwa. Safari hii mwalimu anasema: "Asante kwa kuniambia, mwanangu. Keti. Nyumbani kumebadilika nini?"

"Baba hajarudi tangu tulipokimbia. Mama peke yake ndiye anatafuta. Wadogo wangu wako watatu."

"Kwa hiyo unaona ni wewe sasa wa kuwasaidia."

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu bado hajatoa shauri hata moja. Amerudisha tu alichosikia, na kijana ameona kwamba amesikika. Ni njia iliyoenezwa na mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers tangu miaka ya 1940 na 1950: anayesikiliza hahukumu, hakatizi maneno, hakimbilii suluhisho. Baada ya hapo tu ndipo mwalimu anaweza kuuliza kama mama anajua mpango huo, kama shule inaweza kukubali malipo kidogo kidogo, na kama kuna kazi ya Jumamosi ambayo haiui masomo. Pengine kijana ataenda machimboni hata hivyo. Lakini ataenda akijua kuna mlango anaoweza kuurudia.

Watu wanaofanya zoezi hilo kwa mara ya kwanza wanagundua jambo moja: kunyamaza ndiko kugumu zaidi. Mwalimu amezoea kusema, darasa likisikiliza. Hapa kazi inageuka.

Siri ina mpaka

Sehemu nyingine inayohitaji muda ni siri. Mwanafunzi hatasema neno akijua kwamba kesho litazungumzwa kwenye chumba cha walimu. Mwalimu mshauri hasimulii, haandiki majina kwenye daftari linalobaki mezani, wala hatoi mfano wa mtoto huyo mbele ya darasa.

Lakini hawezi pia kuahidi siri bila mpaka. Sheria ya Congo ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, inamhesabu kuwa mtoto kila mtu ambaye hajafikisha miaka 18. Kama mtoto amebakwa, anapigwa vikali nyumbani, anataka kujiua ao anatafutwa na kikundi chenye silaha, kunyamaza ni kumwacha hatarini. Ndiyo maana walimu wanafundishwa kusema mapema, kwa maneno mepesi: "Tutakayozungumza yatabaki hapa. Ila nikiona uhai wako uko hatarini, tutatafuta mtu wa kutusaidia, na nitakuambia kwanza."

Kwa ubakaji, saa zinahesabiwa. Dawa ya kuzuia maambukizo ya Ukimwi lazima ianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Mwalimu anayejua hilo hamwambii msichana arudi juma lijalo. Anajua kituo cha afya cha karibu kinachotoa huduma hiyo. Huko Bukavu na kandokando yake, wengi wanajua hospitali ya Panzi ya daktari Denis Mukwege, aliyepata tuzo ya Nobel ya amani mwaka wa 2018. Lakini katika kijiji cha mbali, mwalimu lazima awe ametafuta majina na njia kabla shida haijafika.

Mshauri hawezi kuwa yule anayeadhibu

Katika shule nyingi, kazi ya ushauri ikitajwa, inapewa directeur wa nidhamu, yule wanafunzi wanamwita DD. Inaonekana rahisi: yeye ana ofisi, na wanafunzi wenye matatizo wanapita kwake tayari. Lakini wanapita kwake kuadhibiwa. Mtoto hawezi kumfungulia moyo asubuhi mtu atakayemfukuza saa sita kwa sababu ya kuchelewa. Shule inayotaka ushauri ufanye kazi inachagua mtu mwingine, na ikiwezekana mwanaume na mwanamke, kwa sababu kuna mambo msichana hatamwambia mwanaume.

Faida na udhaifu wa kusoma huku unafanya kazi

Mwalimu wa Kivu hawezi kuacha kazi mwaka mzima ili asome. Darasa lingebaki bila mtu, na nyumba bila chakula. Mafunzo ya Jumamosi, ya likizo ya Krismasi, ya Pasaka na ya likizo kubwa yanamruhusu kuendelea. Yana faida nyingine pia: anachojifunza Jumamosi anakijaribu Jumatatu, na Jumamosi inayofuata anarudi na maswali ya kweli. Semina ya siku tatu haiwezi kutoa hilo.

Jimbo la zamani la Katanga liliona mfano wa karibu. Katika miaka ya 2010, shirika la IRC lilifanya mpango wa kufundisha walimu wa shule za msingi, wakikutana mara kwa mara katika vikundi vidogo shuleni kwao. Watafiti wa chuo kikuu cha New York waliufuatilia. Baada ya mwaka mmoja, wanafunzi walisema zaidi kwamba shule na walimu wao wanawajali. Lakini shida zao za moyoni hazikuonekana kupungua. Mwalimu anayesikiliza anabadilisha darasa, ila hachukui nafasi ya muganga, wala haondoi vita.

Udhaifu upo. Mwalimu aliyefundisha juma lote anafika Jumamosi amechoka. Usafiri unamgharimu. Mara nyingi anapewa hati ambayo haibadilishi kitu kwenye mshahara wala cheo chake. Akiisha kufundishwa, anaweza kuhamishwa, na shule inabaki mikono mitupu. Na kama hakuna anayemsikiliza yeye mwenyewe, hadithi za watoto zinamlemea. Naye pia amekimbia, naye pia amezika ndugu. Mafunzo yasiyokuwa na mkutano wa kila mwezi kwa ajili ya walimu washauri wenyewe yanawaacha peke yao na mzigo huo.

Shule inaweza kuanza na nini

Mambo mengine yanangoja serikali: kutambua hati, kulipa saa za ushauri, kuweka wataalamu katika kila tarafa. Mengine hayangoji. Prefe wa shule anaweza kumpunguzia mwalimu mshauri saa mbili kwa juma. Anaweza kumpa chumba ambacho watu hawapiti, chenye dirisha linaloonekana kutoka nje ili mtoto na mwalimu wote wawe salama. Daftari lifungwe kwa ufunguo. Ukutani pabandikwe majina ya kituo cha afya, ofisi ya mambo ya kijamii na mahakama ya watoto. Na wazazi waitwe mwezi wa pili ao wa tatu kuzungumza juu ya sehemu za humanité, kabla TENASOSP haijafika.

Wanafunzi watajua haraka kama chumba hicho ni cha kweli. Wa kwanza atakuja na swali dogo, pengine juu ya sehemu ya kuchagua, akiangalia kama mwalimu atamcheka. Asipochekwa, kesho yake ataleta lile neno lililomfanya aje.