Makaa Mekundu Yasiyo na Moshi Nayo Huua

Katika miezi ya Juni na Julai baridi huwa kali katika sehemu za Limuru, Kinangop na Molo, na watu wengi huingiza jiko la makaa chumbani ili wapate joto usiku. Mwenye nyumba huliacha jiko nje mpaka moshi ukome na makaa yote yawe mekundu. Ndipo huliingiza, akafunga mlango na madirisha, akalala. Hudhani ya kuwa hatari imekwisha pamoja na moshi. Sivyo hata kidogo.

Makaa mekundu hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, wala haiwashi macho. Mtu aivutapo, huingia katika damu na kutwaa mahali pa oksijeni, ile hewa itupayo uhai. Nayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo kiasi kidogo chatosha kudhuru. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Wengi hudhani ni malaria. Lakini watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa wote pamoja, na wakitoka nje wapate nafuu, yafaa walitazame jiko lao. Aliyekwisha kulala hana bahati ya kuonywa hivyo.

Kwa kuwa pua haiwezi kuitambua sumu hii, ilibidi itafutwe njia nyingine. Katika miaka ya 1890 mtaalamu J. S. Haldane aliwashauri wachimbaji wa makaa ya mawe huko Uingereza wachukue wanyama wadogo migodini, na ndege aitwaye kanari ndiye aliyefaa zaidi. Ndege huyo hupumua upesi kuliko mtu, hivyo huanguka mapema, na wachimbaji hupata nafasi ya kukimbia. Mwaka 1986 ilitangazwa huko kwamba kazi hiyo ingefanywa na vyombo vya umeme.

Siku hizi chombo cha namna hiyo huenea kiganjani. Hupima ni sehemu ngapi za sumu zilizomo katika sehemu milioni moja za hewa. Kwa kanuni za Ulaya, sumu ifikapo sehemu 300 yapasa kengele ilie kabla ya dakika 3 kwisha. Ikiwa sehemu 50, hulia baada ya saa moja hivi, maana sumu haba hudhuru polepole. Chombo cha kuonya juu ya moshi ni kingine, wala hakiitambui hewa hii. Mwenye karakana ambamo injini huwashwa, au mwenye duka aliyefungia jenereta stoo, yampasa awawekee wafanyakazi wake chombo hiki.

Asiyeweza kukinunua, na alitoe jiko nje kabla ya kulala, wala asitumainie dirisha lililoachwa wazi kidogo. Amkutaye mwenzake amezimia afungue mlango, amtoe nje upesi, na ampeleke hospitali hata kama amezinduka. Katika hewa ya kawaida sumu huchukua saa 4 au 5 kupungua kwa nusu tu katika damu. Kwa oksijeni ya hospitali, yapata saa moja na nusu.