Elfu Kumi za Kutangaza Biashara Eastlands: Nunua Kwanza Kinachohama Nawe

Umefungua saluni Umoja Innercore, au duka la kurekebisha simu pale Pipeline, na baada ya kodi, dipoziti na bidhaa umebaki na shilingi 10,000 za kujitangaza. Fundi wa mabango anazitaka zote kwa kibao cha taa. Kijana wa tovuti anataka 15,000, nusu leo na nusu akimaliza. Wote wawili wasubiri.

Sababu ni moja. Biashara ndogo ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, huhama, mara nyingi bila mwenyewe kupenda. Ploti inauzwa na mwenye mpya anapandisha kodi. Barabara inapanuliwa, kama Outering ilipopanuliwa, na waliokuwa kando yake wakaondoka. Soko la Gikomba limeungua mara nyingi kiasi kwamba wafanyabiashara wake hawahesabu tena. Baada ya mafuriko ya 2024, serikali ilibomoa majengo kando ya mito kule Mathare na Mukuru, na vibanda vikaenda pamoja na nyumba. Kwa hivyo kila unapoombwa pesa ya matangazo, uliza: nikihama mwezi ujao, hiki kitakuja nami au kitabaki ukutani kwa mtu?

Bei ninazotaja hapa ni za kawaida mjini. Zingine utazipunguza ukijua kuongea.

Anza na jina. Kusajili jina la biashara kwa Huduma ya Usajili wa Biashara, kupitia eCitizen, hugharimu kama shilingi 1,000 pamoja na ada ya mtandao. Mtu wa saiba atakuomba 2,500 hadi 3,000 kwa kazi hiyohiyo. Ukiwa na simu yenye intaneti na kitambulisho, jifanyie. Ukishindwa, mlipe wa saiba kwa muda wake, lakini akaunti ya eCitizen iwe yako na nywila ukae nayo wewe. Kampuni yenye dhima ya kikomo hupita 10,000, na kinyozi wa viti viwili haihitaji.

Usidanganyike kwamba cheti hicho kinakulindia jina. Anayeweza kukuzuilia jina na nembo ni Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI, iliyoko South C, kwa kusajili alama ya biashara. Hapo kuna ada ya utafutaji, ya maombi, ya kuchapishwa kwenye jarida lao na ya cheti. Ukijumlisha zote unapita 10,000 kabla hujamlipa wakili. Usajili hudumu miaka 10, kisha unaufanya upya. Kwa anayepakia unga wa uji, mafuta ya nywele au siagi ya njugu na kupeleka madukani, hiyo ni pesa ya maana, kwa sababu bidhaa yake inasafiri mahali asipokuwepo. Kwa mwenye duka moja la mtaa, isubiri.

Sasa nambari ya malipo, na hapa ndipo watu wengi wanatupa tangazo la bure. Mteja akilipa kwa Lipa na M-PESA, jina la duka lako linaingia kwenye ujumbe wa malipo na kukaa ndani ya simu yake. Baada ya miezi mitatu, akikumbuka kulikuwa na fundi mzuri wa viatu karibu na steji lakini amesahau jina, atarudi kwenye ujumbe huo. Akikuta jina la shemeji yako, au la wakala aliyekufungulia nambari, amekupoteza. Unapoomba, jina liwe lilelile lililo mlangoni, herufi kwa herufi.

Linganisha gharama vilevile. Pochi la Biashara hufunguliwa haraka kwenye laini yako mwenyewe, lakini mteja hukatwa ada ya kawaida ya kutuma pesa. Nambari ya Buy Goods haimkati mteja kitu. Anayekatwa ni wewe, kama nusu asilimia na kidogo kwa malipo yanayozidi shilingi 200. Kwa kazi ya shilingi 1,000, hiyo ni shilingi tano na ushee. Mama mboga anayeuza sukuma ya 20 na nyanya za 50 hana hasara na Pochi, kwa sababu kutuma hadi shilingi 100 hakuna ada. Fundi wa samani wa Kariobangi anayepokea elfu kumi kwa mkupuo achukue Buy Goods, maana mteja wake ataiona ile ada.

Laini ya simu ya biashara iwe mbali na ya nyumbani. Laini mpya ni kama shilingi 100, na iandikishwe kwa kitambulisho chako, wala si cha mfanyakazi. Nimeona maduka yanayopoteza wateja wote kwa sababu msichana wa kaunta aliondoka na nambari. Weka WhatsApp ya biashara kwenye laini hiyo. Programu yenyewe ni bure, ina orodha ya bidhaa yenye picha na bei, saa za kufungua, na salamu inayojijibu usiku. Washa nambari ya siri ya hatua mbili siku hiyohiyo, kwa sababu akaunti ikitekwa, mwizi ataomba wateja wako pesa kwa jina lako.

WhatsApp ina mipaka yake. Orodha moja ya kutuma ujumbe kwa wengi hubeba watu 256, na ujumbe haumfikii ambaye hajahifadhi nambari yako. Kwa hivyo mteja akiwa bado kwenye kiti, mwambie, “Nihifadhi kwa simu, picha za mitindo mipya naziweka kwa status.” Maneno hayo hayagharimu kitu na yanashinda vijikaratasi mia tano. Gharama iliyofichika ni bando. Video za kila siku humaliza data haraka, picha mbili safi zenye bei zinatosha. Na andika bei. Mteja wa Eastlands akiona “njoo inbox kwa bei” anapita, kwa sababu anashuku utamwangalia viatu kwanza.

Ramani ya Google nayo ni bure, na kwa mitaa yetu ni ya lazima. Nyumba nyingi huku hazina nambari ya barabara. Tunaelekezana kwa steji, kwa kanisa, kwa petroli stesheni, kwa “ile geti ya bluu”. Mgeni wa Donholm anayetafuta fundi wa friji anaandika kwenye simu na kufuata alama. Weka alama mlangoni kabisa, siyo barabarani, kisha piga picha ya mbele ya duka ikionyesha jirani anayejulikana. Ukihama kutoka Kayole hadi Komarock, unabadilisha mahali, na sifa ulizoandikiwa na wateja zinakuja nawe. Mtu akikupigia kudai ada ya “kuthibitisha ramani”, kata simu. Google haitozi kuweka duka kwenye ramani.

Ukimaliza hayo hujatumia hata 1,500. Ndipo uingie kwa fundi wa rangi.

Kwa duka la mtaani, ukuta uliochorwa unashinda mabango yote kwa pesa. Fundi mzuri wa herufi atakuchorea mbele ya duka kwa 2,000 hadi 5,000, kulingana na ukubwa na michoro. Rangi ya mafuta hustahimili mvua na vumbi miaka miwili au zaidi. Bango la plastiki lililochapishwa River Road ni rahisi kulipata, hupimwa kwa mita ya mraba, na dogo utalitoa kwa elfu moja au mbili, pete za kufungia zikiwemo. Lakini likitazama jua la mchana, nyekundu inageuka waridi kabla ya mwaka kuisha, na upepo unararua pembe. Faida yake ni kwamba unalikunja na kuhama nalo. Kama kodi yako ni ya mwezi kwa mwezi na mwenye ploti haeleweki, chukua bango. Kama una mkataba wa mwaka mmoja au zaidi, chora ukuta, baada ya mwenye ploti kukubali kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Wengine hudai ukuta urudishwe rangi yake unapotoka, na hiyo rangi wanaikata kwenye dipoziti.

Kibao cha taa huanzia 8,000 na kupanda. Kinapendeza, na kwa famasia au mkahawa unaofunga saa nne usiku kina kazi. Ila muulize fundi nani atabadilisha taa zikifa, na ujumlishe umeme wa tokeni kila usiku. Saluni inayofunga saa mbili haikihitaji.

Kuna kanjo pia, yaani watu wa kaunti. Tangu 2023, Kaunti ya Nairobi imeunganisha leseni ya biashara, vyeti vya zimamoto na afya, na ada ya kibao cha duka kuwa kibali kimoja. Unapolipa, soma kama kibao chako kimeingizwa. Kibao cha kusimama kando ya barabara ni jambo jingine: kiko kwenye ardhi ya barabara, na siku ya msako kitaondoka kwenye lori. Gari lililochorwa jina la biashara lina ada yake ya matangazo, tena linasimamishwa ukivuka kaunti. Kama unasambaza mayai Machakos na Kiambu, fikiria mara mbili kabla ya kulipamba pikapu.

Vijikaratasi sivipendi. Elfu moja ya karatasi inaishia kwenye mtaro wa Jogoo Road jioni hiyohiyo. Kadi mia moja za biashara zina maana kwa mafundi wa nyumba, maana mteja huzibandika kwenye friji. Kwa kinyozi, hapana. Stika ni bora kuliko zote mbili ukiibandika kwenye kazi yako: nyuma ya redio uliyotengeneza, chini ya kiti ulichouza, kwenye kopo la uji. Stika ndani ya matatu za 58 za Buruburu au 33 za Embakasi utamlipa mwenye gari, kisha utamlipa tena makanga ili asizing'oe, na gari likienda kupakwa upya zimepotea. Kipaza sauti cha kupiga kelele mchana kutwa kina kanuni za kelele za mamlaka ya mazingira, NEMA, za 2009, na kina majirani.

Tangazo la kulipia Facebook au Instagram unaweza kuanza na shilingi mia chache kwa siku. Jua yanayofuata: VAT ya asilimia 16, na kiwango cha kubadilisha dola kama kadi yako inalipishwa kwa dola. Kadi ya mtandaoni ya M-PESA itakusaidia kama huna ya benki, lakini iwekee kikomo, kwa sababu tangazo lisilozimwa huendelea kula. Na usiache watu wa Nairobi nzima walione. Mtu wa Karen hatakuja Tassia kusuka nywele. Chora kilomita mbili au tatu kuzunguka duka.

Tovuti nayo? Anwani ya .co.ke, inayosimamiwa na KeNIC, ni kama elfu moja kwa mwaka. Mahali pa kuihifadhi ni elfu tatu hadi sita kwa mwaka, na kuijenga ni 10,000 hadi 30,000. Mtego uko mwaka wa pili. Bei ya kwanza mara nyingi ni ya kuvutia wateja, ya kuendelea ni kubwa, na VAT juu. Usikubali kulipia kufuli la usalama la tovuti kivyake, wauzaji wengi wa nafasi hulitoa bure. Mtego mkubwa zaidi ni umiliki: kijana anasajili anwani kwa jina lake na baruapepe yake, mkikosana anaondoka na jina lako. Kabla hujatoa hata shilingi, anwani isajiliwe kwa jina lako na nywila uzishike wewe. Mfanyie vivyo hivyo mchoraji wa nembo. Mlipe 1,000 hadi 2,000, lakini akupe faili asilia linaloweza kukuzwa bila kuchakaa, la sivyo kila printa atakutoza kuichora upya.

Nani anunue tovuti? Anayeuza kwa maofisi, shule na mahoteli: mshonaji wa sare, mpishi wa sherehe, mtengeneza vitanda vya chuma wa Kamukunji anayetaka zabuni. Kwa hao, baruapepe yenye jina la kampuni huonyesha kwamba wana makao. Wauzaji wa kaunta, kaeni na WhatsApp na ramani.

Kuna gharama moja ambayo haimo kwenye risiti yoyote: picha za wateja. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Casa Vera, klabu ya Barabara ya Ngong, shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Sheria ni ya 2019 na inamgusa hata msusi wa Dandora. Uliza kwanza, mteja ajibu kwa ujumbe, na ujumbe huo usiufute. Akikataa, piga picha ya nywele kwa nyuma bila uso.

Basi zile 10,000 zigawe hivi: jina 1,000, nembo 1,500, laini 100, ukuta 3,500, stika 1,500. Zinabaki 2,400, na usizitumie mwezi wa kwanza. Weka daftari kaunta, kila mteja mpya muulize alikujuaje, andika: ukuta, ramani, status, rafiki. Mwezi ukiisha hesabu mistari, na zile 2,400 zipeleke kwenye mstari mrefu. Kama mrefu ni “rafiki”, wape waliokuletea watu punguzo la shilingi 50 kila mmoja, na matangazo ya Facebook uyaache.