Marekani: Umepita mtihani wa urubani? Soma kwanza kode zilizo chini ya pointi zako

Hapa RDC, mwanafunzi aliyefanya ekzetat hupata asilimia yake kwa simu. Akiona 58 au 63, jirani wote wanajua, poda inamwagwa kichwani na nyimbo zinaanza. Lakini ile namba haimwambii alianguka wapi, kama ni katika hesabu, fizikia au Kifaransa. Amepita, basi.

Marekani, ambako ndugu zetu wengi wamepata makazi, anayetaka kuwa rubani hupewa karatasi ya namna nyingine. Mtihani wa nadharia wa leseni ya kwanza, ile ya kurusha ndege ndogo bila kulipwa, unafanyika kwa kompyuta. Una maswali 60, na kila swali lina majibu matatu ya kuchagua. Malipo ni dolari 175, na anayepata 70 kwa mia amepita. Akimaliza, anapewa ripoti yenye pointi zake, na chini ya pointi kuna mistari ya herufi na namba ambayo wengi hawaijali: PA.I.C.K3h, PA.I.F.K2a, PA.XI.A.K1. Hizo ndizo kode za mambo aliyokosea.

Tufanye hesabu kidogo. Sabini kwa mia ya maswali 60 ni maswali 42. Maana yake mtu anaweza kukosa maswali 18 na bado akaitwa amepita. Katika somo la historia, hayo ni maneno ya darasani tu. Katika urubani, kati ya hayo 18 linaweza kuwemo lile linalohusu wingu la radi lililo mbele ya uwanja.

Kode inasomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kama anwani inayoanza na mji na kuishia kwenye nyumba. PA ni leseni yenyewe, rubani binafsi wa ndege ya mabawa. Namba ya Kirumi ni eneo la kazi: I ni matayarisho kabla ya kuruka, XI ni kuruka usiku. Herufi inayofuata ni kazi ndani ya eneo hilo. Chini ya I, herufi C ni habari za hali ya hewa, D ni kupanga safari, E ni mipaka ya anga, F ni uwezo wa ndege na mipaka yake. Halafu inakuja K, yaani jambo la kujua, au R, jambo la hatari ambalo rubani anapaswa kulipima. Namba ya mwisho, mara nyingine na herufi ndogo, ndiyo nyumba yenyewe.

Kwa hiyo PA.XI.A.K1 inasema: hukujua vizuri jinsi macho ya mtu yanavyofanya kazi gizani. Na PA.I.C.K3h inasema: mvua za radi na upepo unaoporomoka kwa ghafla kutoka ndani ya wingu.

Hii ya mwisho, Wakongomani hatuhitaji kutafsiriwa. Tarehe 4 Aprili 2011, ndege ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Goma na kupitia Kisangani ilianguka ikitaka kutua Ndjili, Kinshasa, katika mvua kali. Kati ya watu 33 waliokuwamo, alipona mmoja. Uchunguzi ulielekeza kwenye upepo wa aina hiyohiyo. Marubani wale walikuwa wa kazi, si wanafunzi, na sisemi kwamba walikosa somo fulani shuleni. Ninasema tu kwamba herufi h ndogo kwenye karatasi si mapambo.

Zamani ripoti ilitumia kode nyingine, zilizoanza na PLT na kufuatwa na namba tatu. Tangu Januari 2020 mtihani huu umehamia kwenye kode za sasa. Anayenunua kitabu cha zamani sokoni au kukopa cha kaka yake aangalie jambo hilo, asije akatafuta kode yake mahali isipokuwepo.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kuhesabu kode. Mwanafunzi anaona kode tano, anafikiri amekosa maswali matano. Si lazima: kode moja inaweza kusimama kwa zaidi ya swali moja alilokosa. Mtego wa pili ni kutafuta swali lenyewe. Ripoti haionyeshi swali wala jibu ulilochagua, maana FAA, ofisi ya serikali inayosimamia usafiri wa anga kule, haitoi hadharani maswali yake ya sasa. Wengine wanakasirika. Kwa maoni yangu ni afadhali hivyo, kwa sababu mtu angerudi nyumbani akariri jibu lile moja na kuacha somo lote.

Njia nzuri ya kusoma ni hii. Chukua kitabu cha vigezo cha FAA, kinapatikana bure kwenye intaneti, utafute kode yako. Usisome mstari huo peke yake. Soma kazi yote iliyouzunguka, toka K1 hadi hatari za mwisho. Kisha ufungue kitabu kikubwa cha maarifa ya rubani cha FAA, nacho ni bure, kwenye sura inayohusika. Mwishowe ueleze kwa sauti, kwa Kiswahili au Kifaransa ukitaka, kwa mtu asiyejua ndege. Pale unapoanza kusema « yaani... yaani... », hapo ndipo pa kurudia.

Na ulete jambo karibu na nyumbani. Chukua PA.I.F.K2a, jinsi hali ya hewa inavyopunguza nguvu ya ndege. Uwanja wa Luano, Lubumbashi, uko kwenye kimo cha mita 1 300 hivi. Siku ya joto la nyuzi 30, hewa inakuwa nyepesi mpaka ndege inafanya kazi kana kwamba iko juu ya mita 2 000. Injini inapumua kidogo, mabawa yanashika kidogo, na njia ya kurukia inayohitajika inakuwa ndefu. Mwenye kufanya hesabu hiyo mara tatu kwa uwanja anaoujua hatasahau, hata akiulizwa juu ya Denver.

Maana ataulizwa. Kabla ya mtihani wa vitendo, mwalimu wake lazima aandike na kutia sahihi kwamba wamerudia mambo yote yaliyokosewa na kwamba sasa mwanafunzi anayajua. Mtahini naye anapokea ile ripoti, na zile kode anazipitia katika maswali ya mdomo kabla ya kupanda ndege. Aliyepata 95 ana machache ya kujibia hapo. Aliyepita kwa 70 anaweza kukaa mezani muda mrefu.

Aliyeanguka kabisa hazuiwi kurudia, lakini mwalimu lazima kwanza athibitishe kwa sahihi kwamba amemfundisha tena, na malipo yanatolewa upya. Aliyepita ana miezi 24 ya kumaliza mtihani wa vitendo. Ikipita, ripoti imekufa, na anarudi kwenye maswali 60.

Kwa anayefikiria kurudi kufanya kazi hapa: leseni ya Marekani haimpi ruhusa moja kwa moja ya kurusha ndege iliyoandikishwa RDC. Lazima itambuliwe kwanza na mamlaka yetu ya usafiri wa anga, AAC.