Fahari ya Baiskeli na Haki ya Barabara

Siku hizi mtu akitoka alfajiri ya Jumapili, iwe Unguja mjini au Dar es Salaam, huenda akapishana na kundi la waendesha baiskeli: kofia ngumu kichwani, miwani machoni, fulana za rangi moja, na baiskeli nyepesi zenye gia nyingi. Zamani aliyepata uwezo aliiacha baiskeli. Leo mwenye gari anaipanda kwa hiari yake, na picha anapiga. Sisi hatuna ugomvi na mtindo huu. Unajenga mwili, hautoi moshi, wala hauli petroli inayonunuliwa kwa fedha za kigeni.

Tena si mgeni kwetu. Wazee wanaikumbuka Raleigh iliyotoka Nottingham, Uingereza, na Phoenix ya Shanghai, China. Mwenye nayo aliisugua ikang'ara, akaitia taa ya dinamo na kengele, akatembea nayo kifua mbele.

Hata hivyo, tunawaomba wasomaji wetu wa Visiwani watupe macho mbali kidogo, hadi Maretadu, kata iliyo katika Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara. Katika nyanda hizo za juu za Wairaqw, wakulima na wafugaji, baiskeli haipandwi ili mtu aonekane. Keria yake ni ya kubebea gunia la mahindi yaendayo mashineni, au madumu ya maji. Penye mlima mwenyewe hushuka akaisukuma. Huyo ni ndugu yake mchuuzi wetu wa samaki na mwanafunzi wetu wa shamba, ambao hakuna anayewapiga picha.

Mwenye fahari na mwenye haja wanapita barabara moja. Lori likija kwa kasi, wote wawili husukumwa pembezoni, na mwenye haja hana hata hiyo kofia ngumu.

Yapo mataifa yaliyolitatua jambo hili. Uholanzi, mwaka 1971, watu wapatao 3,300 waliuawa na ajali za barabarani, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Wananchi waliandamana, na uhaba wa mafuta wa mwaka 1973 ukazidi kuwafumbua macho viongozi. Njia za baiskeli zikajengwa. Mark Rutte, aliyekuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo tangu 2010 hadi 2024, alizoea kwenda ofisini kwa baiskeli, na suti yake mwilini.

Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka 2018 kwamba kila tarehe 3 Juni iwe Siku ya Baiskeli Duniani. Tunawasihi wahusika wasiishie kupanda baiskeli siku hiyo mbele ya wapiga picha. Kila barabara inayochorwa, ya mjini au ya shamba, itengewe njia ya baiskeli kabla lami haijamwagwa. Na njia hiyo ikishajengwa isigeuzwe maegesho wala gulio. Nao waendesha baiskeli wawashe taa usiku na kutii alama za barabarani.

Vijana wa mtindo mpya wana sauti inayosikika. Waitumie kuwasemea wenzao wanaosukuma magunia mlimani. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.