Silindri inapata pistoni ya pili, jicho hapana

Ndugu mfanyakazi, wewe unayetengeneza motere garajeni, au nyuma ya nyumba siku ya mapumziko, leo tunazungumza nawe. Na wewe mama unayefua salopeti yake, soma pamoja naye.

Motere iliyozeeka inakula mafuta na kutoa moshi wa buluu. Sababu gani? Pistoni inapanda na kushuka bila kuchoka, na ukuta wa silindri unalika polepole, zaidi sana upande wa juu, pale segima zinapogeukia. Tundu lililokuwa duara linakuwa kama yai, tena juu ni pana kuliko chini. Ukitia humo pistoni mpya ya kipimo kile kile, umepoteza feza yako bure.

Dawa yake ni alezaje, ni kusema kuchonga tundu upya kwa mashini mpaka liwe duara tena, kisha kutia pistoni kubwa zaidi. Pistoni hizo zinauzwa kwa ngazi: mara nyingi 0,25, 0,50, 0,75 au 1 milimetri kupita ile ya kwanza. Fundi mwenye akili hachongi mbele ya kuwa na pistoni mkononi. Anaipima kwa mikrometri, anaongeza nafasi inayoamriwa na kitabu cha motere, ndipo anachonga. Anabakiza sehemu chache za mia za milimetri ili amalize kwa mawe ya kusugua. Mawe hayo yanaacha mistari inayopishana, nayo mistari inashika mafuta. Lakini motere nyingi za malori makubwa zina shemize: hizo hazichongwi, shemize inatolewa na kutiwa mpya.

Kazi hii inatoa vumbi na vipande vidogo vya chuma. Hapo ndipo hatari inaanza.

Fundi mmoja alifika kwetu dispanseri asubuhi, jicho jekundu kama damu. Jana yake alikuwa amepuliza silindri kwa hewa ya kompresa, bila miwani. Kipande kikaingia jichoni. Alisugua kwa kitambaa, halafu rafiki yake akajaribu kukitoa kwa kijiti cha kiberiti. Usiku hakulala. Tulipomtazama, kutu ilikwisha kuanza juu ya kioo cha jicho. Daktari alikitoa kipande, lakini kovu lilibaki mbele ya mboni. Leo fundi yule, aliyekuwa akipima sehemu ya mia ya milimetri, anaomba mwenzake amsomee mikrometri.

Silindri ikilika, kuna pistoni ya 0,25. Ikilika tena, kuna ya 0,50. Jicho halina kipimo cha pili. Kwa hiyo:

– Vaa miwani ya kazi inayofunika pembeni, mbele ya kuwasha mashini.

– Toa vipande kwa brashi, si kwa kompresa wala kwa vidole.

– Karibu na chuma kinachozunguka usivae glavu, pete, wala mikono ya shati inayoning'inia. Simamisha mashini mbele ya kupima.

– Kipande kikiingia jichoni, usisugue. Funika jicho bila kulikandamiza, uje dispanseri siku ile ile. Kama kilirushwa na nyundo, njoo hata ikiwa maumivu yamepita: labda kimeingia ndani kabisa.

Tunataka kusema pia juu ya mikono. Silindri ikiisha kusuguliwa, fundi anaiosha kwa brashi, maji ya moto na sabuni, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Kisha anaipaka mafuta upesi isipate kutu. Anajua kwamba esanse peke yake inaacha unga wa mawe ndani ya mistari. Basi, sababu gani ananawa mikono yake kwa esanse? Esanse inaondoa mafuta ya ngozi, ngozi inapasuka, sumu inapata njia. Nayo mafuta machafu ya motere, yakikaa juu ya ngozi miaka mingi, yanaweza kuleta kansa. Usiweke kitambaa chenye mafuta mfukoni mwa suruali: kinalowesha mapaja na sehemu za siri. Nawa kwa maji na sabuni mbele ya kugusa bukari.

Wewe mama, fua salopeti peke yake, mbali na nguo za watoto. Usitoe madoa kwa esanse, hasa karibu na mbabula: mvuke wake unashika moto mbele ya wewe kuuona.

Ndugu fundi, motere uliyoitengeneza vizuri itatembea miaka. Tunataka nawe uione ikitembea, kwa macho yako mawili.

Kazi njema na afya njema!